Mama wa Mawe Meupe

Tangu habari za wapimaji zimfikie, Specioza alikuwa kama mtu anayetembea ndani ya maji. Mteja angesimama mbele ya meza yake sokoni Mpanda, aulize bei ya dagaa, naye angemtazama tu, macho yameenda mbali, mpaka mteja acheke na kumgusa mkono.

"Mama, upo?"

"Nipo," angejibu. Lakini hakuwapo. Alikuwa Isengwe, bondeni, kando ya kijito cha Kafwe, ni mtoto wa miaka minane, ameshika jiwe jeupe kwa mikono miwili, na mbele yake watu wazima wamelizunguka shimo ambalo yeye hakuruhusiwa kulisogelea.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kijiji cha Isengwe kilikuwa kimeanza kupima mashamba ili kila mwenye ardhi apewe hati ya kimila. Mwenye dai lolote alitakiwa afike mbele ya baraza la ardhi la kijiji kabla wapimaji hawajamaliza kazi yao. Dorice, binti yake wa mwisho, aliyekuwa akiishi naye mtaani Nsemulwa, palepale Mpanda, ndiye aliyeipata kwa simu, akaja nayo mbio hadi jikoni.

"Mama, lile bonde ni la babu. Wakishaandika jina la mtu mwingine, basi tena."

Specioza alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa. Alikuwa anajaribu, kama alivyojaribu mara nyingi, kuukumbuka uso wa mama yake. Alikumbuka kanga, mgongo, shingo iliyoinama juu ya maji. Uso haukuja.

Mama yake alizikwa bondeni mwaka mmoja kabla ya watu kuhamishwa kupelekwa kwenye vijiji vya kando ya barabara. Nyumba zikabaki wazi, miti ikarudi, na nyani wakakaa mahali palipokuwa pa watu. Baadaye kaka yake, Kassiani, alirudi kulima kulekule peke yake, mpaka ugonjwa ulipomzidi akaja kufia Nsemulwa, katika nyumba ya dada yake. Tangu hapo Specioza alijiambia kila mwaka kwamba kiangazi kikifika ataenda kulisafisha kaburi. Kila mwaka kukawa na jambo: mtoto anayezaliwa, mume anayezikwa, paa linalovuja. Na huku nyuma bonde likawa linalimwa na mzee mmoja Msukuma, Ngolo, aliyekuja na ng'ombe wake kutoka pande za Shinyanga.

"Tutaenda," alisema hatimaye, akaendelea kuchagua mchele uliokwisha kuwa safi.

Walipanda bodaboda asubuhi, wawili nyuma ya dereva mmoja. Ulikuwa ule wakati wa mwisho wa kiangazi ambapo watu wanachoma nyasi na jua linapita angani bila makali, jekundu kama kiini cha yai. Miti ya miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, nayo hutoka mekundu kabla hayajawa kijani, kwa hiyo pande zote mbili za barabara pori lilikuwa linawaka bila moto, na moto wenyewe, huko mbali, ulikuwa hauonekani, ni moshi tu. Specioza aliegemea mgongo wa binti yake. Ilikuwa kama barabara imesimama na nchi ndiyo inayotembea, inampitisha kwenye vitu alivyowahi kuviota.

Baraza lilikaa kwenye ofisi ya kijiji, chumba kimoja chenye mabenchi. Mwenyekiti wake alikuwa Imakulata, fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukata maneno kama anavyokata kitambaa.

"Hapa hatumhukumu mtu," alisema. "Hapa tunasuluhisha. Kila mmoja atasema, na mwenzake atasikiliza. Tukishindwa, mtaenda mbele, lakini huko mbele hawalijui bonde la Kafwe. Mzee Ngolo, anza wewe."

Ngolo alikuwa mrefu, amekonda, kofia yake ameishika mkononi. Pembeni yake walikaa mkewe, Kabula, na mtoto wao mkubwa, Manyanda, mwanaume wa miaka thelathini hivi, mabega mapana.

"Mimi nilifika hapa na ng'ombe waliochoka na watoto waliochoka," alisema Ngolo polepole. "Kassiani alinikuta nimekaa chini, kulekule bondeni. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akanipa maji. Akasema, 'Lima, baba. Mimi nguvu zimeniisha, na ardhi ikikaa bila mtu inalia.' Ndivyo alivyosema marehemu. Siongezi neno, sipunguzi."

"Alisema lima, au alisema nakupa?" Dorice aliuliza.

"Alisema lima."

"Kulima siyo kupewa, mzee."

Manyanda akasimama. "Dada, mtu akilima miaka ishirini, akajenga, akazika, bado ni mgeni? Niambie, ugeni unaisha lini?"

"Kaa chini," alisema Imakulata. "Mama Dorice, na wewe?"

Specioza alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yote yalikuwa yamepeperuka. Alitazama mikono yake, akaona bado imekaa kana kwamba imebeba kitu.

"Mama yangu yuko pale," alisema.

Imakulata aliinama mbele. "Kaburi? Liko upande gani?"

"Karibu na maji. Siyo karibu sana. Tulilipanga mawe meupe, ya kutoka kijitoni. Hata mimi nilibeba moja."

"Mama, mimi ndiye ninayeshika plau," alisema Manyanda, na sauti yake haikuwa na ukali tena. "Bonde zima nalijua kwa miguu. Kaburi lililopo kule ni moja tu, la mdogo wangu. Tumelizungushia kichaka, hatulimi hapo. Lingine sijaliona." Akamgeukia mama yake. "Si ndiyo, mama?"

Kabula alitazama miguu yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitenge amekifunga kichwani hadi kwenye nyusi.

"Ndiyo," alisema. "Ni moja."

Imakulata akawaambia wote warudi kesho yake, waende shambani kwa miguu. Ardhi, alisema, haisuluhishwi ukiwa umeikalia mbali.

Walipoteremka bondeni asubuhi iliyofuata, moshi wa usiku ulikuwa bado umelala chini, mweupe, mzito, umejaa bonde kama maziwa kwenye kibuyu. Waliotangulia walionekana vichwa tu na mabega. Sauti zilifika kabla ya watu. Ng'ombe mmoja alilia mahali fulani, halafu akatokea karibu kabisa, akawatazama kwa upole, akapotea tena.

Specioza alitembea mbele. Wajumbe wa baraza walimwachia nafasi. Alijua, hakuwa na shaka, kwamba miguu yake ingekumbuka. Lakini miguu haikukumbuka kitu. Mahali palipokuwa na msitu palikuwa na mabua ya mahindi. Mahali alipodhani pana kichuguu palikuwa na zizi. Alifuata sauti ya maji, ikawa inatoka kushoto, halafu kulia, halafu kana kwamba inatoka ndani ya kichwa chake. Aligeuka, akaanza tena. Moshi ulikuwa unanyanyuka kidogokidogo na kila ulipofunua kipande cha ardhi, kilikuwa kipande asichokijua.

Katikati ya shamba kulikuwa na kichaka. Plau ilikuwa imepita pande zake zote kwa uangalifu, mifereji ikikizunguka kama mto unavyozunguka kisiwa. Dorice alikifikia kwanza, akaanza kutenganisha matawi.

"Hapo ni pa mtoto wetu," alisema Ngolo. Hakupaza sauti.

"Nataka kuangalia tu, mzee. Tumekuja kuangalia."

"Dorice." Specioza alimfikia binti yake, akamshika kiwiko, akamrudisha nyuma. "Toka. Hapo ni kwa mtoto wa watu. Hatuingii kwa mtoto wa watu tukiwa na maneno ya ugomvi mdomoni."

"Mama, na kama—"

"Toka, mwanangu."

Dorice alitoka, uso umemkunjamana. Specioza alikiinamia kichaka kidogo, kama mtu anavyomwinamia mwenye nyumba aliyelala, akapita. Hakuona kwamba Kabula, aliyesimama nyuma ya mumewe, alikuwa ameziba mdomo kwa pindo la kitenge.

Akaendelea kutafuta. Wajumbe walianza kuongea mambo mengine kwa sauti ya chini. Aibu ilimpanda taratibu kutoka miguuni. Mtoto gani huyu asiyejua mama yake alipolala? Mwishowe alimwambia Imakulata, "Nisubirini," akashuka hadi kijitoni peke yake.

Kafwe ilikuwa imebaki nyembamba, maji yakipita kati ya mawe bila haraka. Alivua viatu, akaingiza miguu. Maji yalikuwa baridi. Huko juu moshi ulikuwa umegeuka rangi ya dhahabu kwa sababu ya jua, na Specioza alihisi kope zake zinakuwa nzito ingawa hakuwa na usingizi. Mama yake alikuwa ng'ambo, amempa mgongo, anafua. Alimsikia akipiga nguo kwenye jiwe. Geuka, alisema Specioza moyoni. Geuka mara moja tu. Nguo iliendelea kupigwa, taratibu, kwa mpigo uleule, mpaka akatambua kwamba ni nyayo za mtu zinazokuja nyuma yake.

Kabula alikaa pembeni yake. Naye alivua viatu, akaingiza miguu majini.

"Mayu," alisema, kwa neno ambalo Wasukuma humwitia mama. "Wewe ndiye mtoto wa yule mwenye mawe meupe?"

Specioza alimgeukia.

"Nilimwona siku ya kwanza tulipofika," Kabula alisema, macho kwenye maji. "Nilikuwa naokota kuni. Nyasi zilikuwa ndefu, nikajikwaa. Nikaona jiwe jeupe, na lingine, na lingine. Nikajua huyu ni mtu, na watu wake walimpenda, maana mawe ya namna hiyo hayakusanyiki yenyewe. Kassiani hakuwa ametuambia habari yake, nami sikumwambia yeyote. Tulikuwa tumefukuzwa sehemu nyingi. Nilijua tukisema tumekuta kaburi, tutabeba mizigo tena."

"Jana ulisema ni moja."

"Jana nilisema ni moja." Kabula alipangusa macho kwa nyuma ya mkono. "Masika ile ya kwanza nilikuwa na pacha. Kulwa alipona. Doto homa ilimkamata, na mto ulikuwa umejaa, hakuna njia. Alikuwa hajaanza kutembea. Mume wangu akauliza tumzike wapi, nikamwambia pale. Mawe yalikuwa chini ya nyasi, hakujua kwa nini. Mimi nilijua. Sikutaka mwanangu alale peke yake kwenye nchi ya watu. Nikamwambia yule mama, 'Wewe ndiye mwenyeji hapa. Mimi ni mgeni, sijui mtu. Nishikie huyu.'"

Maji yalipita.

"Na amemshika," alisema Kabula. "Miaka yote hiyo. Kila ninapokwenda kumpalilia mwanangu, na yeye nampalilia. Manyanda anaona kichaka, anajua ni cha mdogo wake. Ndani haingii."

"Basi kwa nini, dada?" Hasira ilimjia Specioza sasa, ikiwa imechelewa, ikiwa nzima. "Nimezunguka pale kama kuku aliyepotea. Mbele ya mwanangu. Mbele ya baraza. Ulikuwa unanitazama."

"Niliogopa. Nikisema mama yako yupo, shamba linaondoka. Sisi tunaweza kuondoka, tumezoea. Lakini Doto siwezi kumbeba. Halafu ukamvuta binti yako. Ukasema hapo ni kwa mtoto wa watu. Ukainama. Nikaona nikinyamaza tena, hata yule mama atamwachia mwanangu mkono."

Specioza aliyatoa macho kwake, akatazama ng'ambo ya kijito. Hakukuwa na mtu anayefua. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekaa chini.

"Nipeleke," alisema.

Waliingia kwenye kichaka kwa kuinama, Kabula mbele. Ndani kulikuwa na uwazi mdogo uliofagiliwa. Nuru iliingia kupitia majani mekundu, ikafanya kila kitu kionekane kama kinapumua. Pale palikuwa na lundo moja refu la mawe, yaleyale, meupe, hayakuwa na udongo wala kuvu, na ubavuni mwake, karibu sana, lundo jingine dogo lisilozidi urefu wa mkono. Yalikaa kama mama aliyelala na mtoto amelala kwenye kwapa lake.

Specioza alipiga magoti. Aligusa jiwe moja, halafu jingine. Hakujua lipi lilikuwa lake. Akayagusa yote. Alipomaliza ya mama yake, mkono wake ukaendelea, ukagusa na ya Doto.

Huko nje Dorice alikuwa ameanza kumwita. Kabula alitangulia kutoka, akasimama mbele ya mumewe, mtoto wake na wajumbe wote, akasema alichokisema kijitoni. Alikisema kwa Kiswahili, halafu akamrudilia Ngolo kwa Kisukuma. Ngolo alivaa kofia yake, akaivua tena. Manyanda alitazama kichaka kana kwamba anakiona mara ya kwanza.

"Basi imekwisha," alisema Dorice. "Kaburi lipo. Ardhi ni yetu."

"Haijaisha," alisema Imakulata. "Kaburi linaonyesha nani alikuwepo. Halijasema nani aondoke. Mama Dorice, wewe unasemaje?"

Specioza alikuwa na vumbi jeupe viganjani. Alilitazama alipokuwa akiongea.

"Kaka yangu alisema lima. Alikuwa mgonjwa, lakini akili zake zilikuwa nzima, na nampenda, siwezi kumfanya mwongo akiwa chini. Mzee Ngolo, upande wa juu, kutoka kichakani mpaka kwenye zizi lenu, ni wenu. Upande wa chini, kutoka kichakani mpaka majini, nautaka. Ndipo tulipokuwa na nyumba. Kichaka kisiandikwe jina la mtu. Kiandikwe makaburi."

"Mama!" Dorice alisema.

"Huko chini ndiko ninakonyweshea," alisema Manyanda. "Kiangazi hakuna maji mengine. Nikikosa huko, ng'ombe wanakufa."

"Pita," alisema Specioza.

"Leo unasema pita. Kesho binti yako anafunga."

Maneno yale yalikuwa kweli, na kila mtu aliyajua. Wakabishana. Jua lilipanda, moshi ukaisha kabisa, na bonde likawa bonde tu, lenye mabua na samadi na watu wenye kiu. Ngolo alitaka njia ya ng'ombe ipite upande wa mashariki. Dorice akasema huko ndiko kwenye udongo mzuri wa mpunga. Imakulata akavua viatu vyake, akaitembea njia mwenyewe mara mbili, upande huu na upande ule, jasho likimtiririka, mpaka akapata mahali penye mwamba ambapo hakuna awezaye kulima. Hapo ndipo njia ilipowekwa. Wapimaji walipofika mchana wakaweka alama zao, na majina yakaandikwa: upande wa juu Ngolo na Kabula, upande wa chini Specioza na Dorice.

Dorice hakuzungumza na mama yake njia nzima ya kurudi Mpanda, wala siku zilizofuata. Alikuwa ameshapanga nyumba kichwani mwake, na visima, na wapangaji wa kulima. Siku moja alisema tu, akiwa anafua, "Umeigawa ardhi ya babu kama kipande cha mkate." Specioza alijua binti yake alikuwa na haki ya kusikitika, na kwamba huenda asingemsamehe upesi.

Mvua zilipoanza, alikabidhi meza ya dagaa kwa jirani, akaenda Isengwe kukaa msimu mzima kwenye kibanda cha nyasi. Manyanda alimlimia kwa ng'ombe wake bila kuombwa, akakataa shukrani, akaondoka amenuna, kwa sababu alikuwa bado hajaukubali mpaka ule moyoni. Dorice alikuja mara moja kuleta chumvi na sabuni. Alikaa kidogo, akaingia majini hadi magotini kumsaidia mama yake kupandikiza mpunga, halafu akakaa siku nne.

Asubuhi moja Specioza alikwenda kichakani mapema, mvua ikiwa imetoka kuacha na kila jani likidondosha. Akasikia sauti ndani, akasimama. Kabula alikuwa ameshafika.

"Mwangaluka, mayu," alikuwa anasema, salamu ya asubuhi ya kwao, halafu akaendelea kwa Kisukuma kirefu, bila haraka, kama mtu anayemsimulia jirani habari za nyumbani. Specioza alisikia jina la Kulwa. Alisikia jina la Manyanda, na kicheko kidogo. Alisikia na jina lake mwenyewe.

Mama yake, Mkonongo, kabila la hapo bondeni, hakuwahi kujua neno hata moja la Kisukuma. Specioza alisubiri nje, maji yakimdondokea mabegani, asije akawakatiza. Baada ya miaka ishirini, alifikiri, labda mama ameshajifunza.